Bawabu Aliyeizuia Idi Langoni

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawaliwa, alikuwako katika mji wa Magharawe sultani mmoja, jina lake Badrani. Mtu huyu Mungu alimjalia kila kitu ila mkono wa kutoa. Akila tende, kokwa anaziweka. Akialikwa karamu, hukaa na njaa tangu juzi yake ili asipoteze nafasi. Walakini lilikuwako jambo moja lililomkosesha raha kupita yote, nalo ni sheria aliyoachiwa na babu yake.

Babu yake alikuwa mtu wa watu. Siku moja alisimama msikitini akaapa, yeye na kizazi chake, ya kwamba Idi ikiingia watumishi wa jumba la Sultani watapumzika, na ujira wao wa siku ile watalipwa kama waliofanya kazi. Na mtumishi ambaye hapana budi afanye kazi, huyo atalipwa mara mbili, kisha atapewa siku nyingine ya kupumzika. Sultani atakayeivunja sheria hii, kiti si chake tena. Maneno hayo kila mtu wa Magharawe aliyajua kwa ghibu, hata watoto waliyaimba wakiruka kamba.

Basi Sultani Badrani hakuthubutu kuivunja sheria, lakini katika kuizunguka alikuwa fundi. Mwaka wake wa kwanza, jioni ya kuandama mwezi, alijifungia ndani ya ghala la mchele lisilo na dirisha. Asubuhi akatoka na vumbi la pumba kichwani, akasema yeye hakuona mwezi wowote, na jumba lake hufuata macho yake. Ikawa mji mzima wanakula pilau na watumishi wanafagia. Kesho yake walipokwenda kuidai Idi yao, aliwatazama kwa huruma akawaambia Idi ilikuwa jana, poleni sana. Mwaka wa pili aliwatia wote kisimani kuchimba, na aliye chini ya kisima hasikii takbira.

Langoni pa jumba hilo alikuwako bawabu, jina lake Mshamu, fukara ambaye kanzu yake mchana ilikuwa nguo na usiku ilikuwa shuka. Watu walimdhania punguani, kwa sababu kila aliloambiwa alilitenda kama lilivyosemwa, hapunguzi wala haongezi. Waziri alipata kumwamuru asimfungulie mtu yeyote asiyemjua jina, na siku hiyo mama mkwe wa Sultani alishinda juani, kwa kuwa jumbani wote walizoea kumwita Bibi tu. Kama alikuwa mjinga au mjanja, watu walibishana sana, mwenyewe hawakumwuliza.

Na Mshamu alikuwa na lake moyoni. Alikuwa amemposa Mwanakheri, mjane msusi wa mikeka, mwanamke wa maneno machache na yote ya kweli. Alimpenda hata akimfikiri chakula kilimshinda, na chakula chenyewe hakikuwa kingi. Sasa desturi ya Magharawe ni hii: mwanamume aliyeposa huja siku ya Idi kula chakula cha mchana mkekani pa wakwe, majirani wakiona. Asipoonekana, huhesabiwa hayumo. Mwaka wa kwanza Mshamu hakuonekana, na mwaka wa pili alikuwa kisimani. Mjomba wake Mwanakheri, aliyesimama mahali pa baba, akasema kuwa mara hii ndiyo ya mwisho: adhana ya alasiri ikilia na Mshamu hajaketi mkekani, yeye ataipokea posa ya Mselemu muuza haluwa, ambaye huonekana kila Idi, na hata siku zisizo Idi. Mwanakheri mwenyewe alimwita kando akamwambia, "Mimi sikuulizi una nini. Nakuuliza kama utakuja." Mshamu akajibu kwamba atakuja, akarudi langoni akiwa na hofu tele, kwa maana alimjua bwana wake.

Ikawa siku ya mwisho ya Ramadhani, Sultani Badrani akawakusanya watumishi wote uani. Alikuwa na uso wa furaha, na hilo peke yake liliwatia watu baridi.

"Sheria ya babu yangu," akanena, "yasema Idi ikiingia. Haikusema kwamba ni lazima iingie. Jumba hili ni langu, na nani aingie na nani asiingie ni hiari yangu. Basi kesho Idi haitavuka kizingiti cha lango langu. Nje na wale Idi yao wapendavyo. Ndani kazi ni kama kawaida, na ujira ni kama kawaida."

Waziri akasifu, akasema akili ya namna hii haijapata kuonekana tangu dunia kuumbwa. Bi Kazija, mpishi mkuu, mwanamke asiyeogopa ila moshi, akauliza kama basi huko ndani kesho itakuwa ni Ramadhani, maana na yeye anataka kujua kama apike au asipike. Sultani akajibu kwamba Ramadhani imekwisha toka na Idi haikuingia, kwa hivyo itakuwa siku tupu, na pilau lake yeye lazima lipikwe, kwa sababu kesho mchana atakuja mgeni mkubwa, Sultani wa mji jirani, pamoja na watu wake. Kisha akamgeukia Mshamu.

"Ewe bawabu, Idi itakuja kwa lango lako. Usiipitishe."

Mshamu akainama akauliza, kwa heshima na taadhima, ataitambuaje. Sultani akakereka. Akamwambia hata mtoto mchanga aijua Idi: ni nguo mpya, ni harufu ya udi, ni haluwa, ni watu kushikana mikono na kuombana radhi. Akiyaona hayo, arudishe.

"Na anayeileta akiwa mtu mkubwa, bwana wangu?"

"Hata nikiwa ni mimi."

Neno hili Sultani hakulisema ovyo. Alijijua. Kila mwaka akitoka kusali sala ya Idi moyo wake hulegea kidogo, kwa muda wa kama kunywa kahawa, na alichelea asije akarudi nyumbani akiwa mkarimu. Kwa hiyo akaongeza kuwa kesho amri yake yoyote ya kufungua lango isisikilizwe, ila kwanza aiondoe amri hii kwa kinywa chake mbele ya watumishi wote. Na ya kuwa bawabu haondoki langoni kwa sababu yoyote. Na atakayeiruhusu Idi kupita atafukuzwa kazini na chumbani. Akaapa kwa kiti chake. Watu wakatawanyika wakinung'unika, na Mshamu akabaki amesimama, anamwona Mselemu waziwazi akinawa mikono mkekani pa watu.

Asubuhi Sultani akatoka kwenda kusali, na Waziri, na askari, joho jipya likibururika na udi ukimfuata. Mshamu akafungua wakapita, akafunga, akaanza kazi.

Kazi aliifanya sawasawa. Akaja mwanamke jirani na kanga mpya, anataka kumpa mkono Bi Kazija, akarudishwa. Akaja paka wa jumbani aliyekuwa amelala nje. Mshamu akamnusa mdomo, akakuta anatoka pilauni kwa watu, naye akarudishwa, akakaa ukutani akilia. Kisha akaja Mselemu mwenyewe na bakuli la haluwa, zawadi ya Sultani. Mshamu akamwambia haluwa haipiti. Mselemu hakusikitika hata kidogo. Akasema basi bakuli hilo atalipeleka kwa Mwanakheri, na huko hakuna bawabu, akaenda zake akijipepea. Maneno haya yalimwingia Mshamu kama mwiba wa samaki kooni, lakini hakuondoka, maana alikuwa anamngoja mtu mwingine.

Mtu huyo akaja jua likiwa limepanda. Sultani Badrani alirudi kutoka kusali akigongagonga fimbo yake mpya, na lango akalikuta limefungwa. Akabisha. Mshamu akachungulia tundu la lango, akatoa salamu, akaomba radhi kwamba hawezi kumfungulia.

"Hunijui?" akauliza Sultani.

"Nakujua, bwana wangu. Lakini umeivaa."

Sultani akajitazama. Kwanza alicheka kidogo, kwa kuwa moyo ulikuwa bado umelegea. Akavua joho akampa Waziri. Mshamu akasema na kilemba pia ni kipya, akavua kilemba. Viatu navyo, akavua. Kanzu ikaonekana ina tarizi ya juzi tu, ikavuliwa, na Sultani wa Magharawe akabaki na shuka kuukuu ambalo hata Mshamu angesita kulilalia. Watu waliokuwa wakipita wakasimama, wakajifanya wanatazama paka. Mshamu akanusa kwa tundu, akasema harufu ya udi bado. Sultani akajipaka vumbi la njia, mikono na shingo, mpaka akanukia njia. Hapo Mshamu akauliza kama huko msikitini alishikana mikono na watu.

"Na watu wote."

"Ukawaomba radhi, nao wakakuomba?"

"Naam. Ndiyo desturi."

"Basi, bwana wangu, hiyo ndiyo Idi yenyewe, nayo haivuliki. Ulisema nirudishe hata ukiwa ni wewe."

Moyo wa Sultani ukakaza pale pale. Akawageukia askari wake akawaamuru wavunje lango. Mkubwa wa askari akapiga goti akasema wako tayari kwa roho zao, ila huku nje ni Idi, na afanyaye kazi siku ya Idi hulipwa mara mbili na siku nyingine ya kupumzika. Je, wavunje wote au wachache? Sultani akawahesabu kwa macho, akaanza upya kutoka upande wa pili labda watakuwa pungufu, midomo ikimcheza. Kisha akawaambia waketi. Wakaketi.

Tumbo la Sultani likaanza kulalamika. Harufu ya pilau ilikuwa inapita juu ya ukuta bila kuulizwa na bawabu yeyote. Akamwita Bi Kazija kwa sauti, amletee sinia la chakula hapo nje. Mshamu hakuona kosa, maana aliamriwa kuizuia Idi kuingia, hakuamriwa kuzuia pilau kutoka. Akafungua mlango mdogo. Bi Kazija akavuka kizingiti na sinia kichwani, na mguu ulipogusa chini upande wa nje, akashusha pumzi ndefu, akalitua sinia barazani, akawapa askari mkono wa Idi, akaketi kula.

Sultani akamwuliza anafanya nini. Akajibu kwamba amefika kwenye Idi, na sheria yasema apumzike. Na desturi ya Magharawe, chakula kikitandikwa barazani siku ya Idi ni cha kila apitaye. Wapita njia wakaketi, askari wakaketi, na Waziri naye akaketi kwa upande, joho la bwana wake mapajani. Sultani alizoea kunawishwa kwanza, akawa anangoja wa kumnawisha. Alipoacha kungoja, sinia lilikuwa jeupe.

Akaita sinia la pili. Likaletwa na mpasua kuni, naye alipovuka akawa na Idi yake. Akaita la tatu, na birika la kunawia, na mpepeaji, na wa kumtandikia mkeka. Na kila aitwaye huvuka kizingiti, husema "Idi njema", huketi. Kila mtu aliyetoka aliongeza mkono mmoja katika sinia, na kila sinia liliita mtu wa kulifuata. Ikawa mchana watumishi wote wa jumba wako barazani wameshiba, wapiga gumzo, na ndani hakuna mtu ila Mshamu. Waziri akamnong'oneza bwana wake kuwa hawa wote wako katika Idi, na ujira wao wa leo ni palepale. Sultani akamwambia anyamaze.

Na sasa Mshamu naye alikuwa ametegwa na mtego alioutega. Mji mzima ulikuwa una Idi, na jumba zima lilikuwa nje, yeye peke yake alikuwa ndani ya siku tupu, ameshika ufunguo. Akitoka, ameondoka langoni, na kazi hana, na chumba hana, na mtu asiye na chumba amwoe Mwanakheri wapi? Asipotoka, Mselemu ananawa. Akatazama kivuli cha lango kinavyorefuka, akahisi machozi, akayafuta kwa kanzu. Kisha akasema kupitia tundu:

"Bwana wangu, watumishi wote wako hapo mbele yako. Iondoe amri. Mimi nina mahali pa kwenda."

Sultani Badrani akakataa. Alikaa juu ya jiwe na shuka lake, njaa imemshika, akasema Idi ikiingia, wote waliopika na kufagia tangu alfajiri watadai mara mbili na siku ya kupumzika. Yeye atakaa hapo mpaka jua lizame, na Idi izame nalo. Bi Kazija, hali anatafuna kitunguu, akamwambia huo ni uamuzi mzuri, ila ngoma zile zinazosikika ni za Sultani wa mji jirani, naye amefika kona ya msikiti.

Kweli, ngoma zilikuwa zinakaribia. Sultani akasimama. Akatazama vumbi mwilini, akatazama masinia meupe, akatazama lango. Akamwona mwenzake katika mawazo, anarudi kwao akisimulia, na kila asimuliapo shuka linapungua. Mambo mawili yakapigana ndani yake, ubahili na haya, na ubahili ulikuwa na nguvu zaidi, lakini haya ilikuwa na ngoma. Akageuka kwa watu wake akasema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa, kwamba amri ameiondoa. Idi na iingie jumbani kwake kwa wote. Aliyepumzika ujira wake kamili, aliyefanya kazi mara mbili na siku yake nyingine.

Mshamu akafungua lango pande zote mbili. Paka akaingia wa kwanza. Sultani akamfuata mbio, akatupiwa joho juu ya vumbi, na Mshamu akamwekea ufunguo mkononi, akasema sasa na kwake ni Idi, kwa heri ya kuonana.

"Na lango nani atalishika?" akauliza Sultani. "Wageni ndio hao."

"Yeyote, bwana wangu, kwa ujira mara mbili."

Sultani akamtazama askari huyu, akamtazama yule. Hakuweza. Nafsi yake ilikataa kabisa. Akalirudisha joho kwa Waziri akamwambia awapokee wageni kwa niaba yake, aseme Sultani ana homa, na yeye mwenyewe, akiwa na shuka na vumbi lake, akaketi juu ya kigoda cha bawabu.

Mshamu alikimbia bila kuangalia nyuma. Alipofika, mjomba ameanza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kutamka jambo, na Mselemu amekaa karibu na bakuli lake la haluwa, kanzu imepigwa pasi. Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza watu walimwona ana hofu usoni, na alipomwona Mshamu hofu ile ikamtoka, akakasirika.

"Umechelewa," akasema. "Keti."

Akaketi. Akanawa, akatia tonge mdomoni mbele ya majirani wote, na tonge halijashuka muadhini akaanza. Mselemu akachukua bakuli lake. Mjomba akauliza safari hii ameruhusiwaje, na Mshamu akajibu kuwa hakuruhusiwa, amemwacha Sultani langoni. Walicheka sana, wakadhani ni mzaha.

Huko langoni Sultani alifanya kazi. Alifungua, akafunga, akashika viatu vya wageni, akaambiwa mvivu na mtumishi wa watu wengine. Jua lilipozama alikwenda kwa Waziri, mwekaji wa mfuko, akamnyooshea mkono. Akasema yeye amefanya kazi siku ya Idi, na sheria ya babu yake haibagui. Waziri akamtilia kiganjani.

Sultani akakitazama kiganja chake. "Na nyingine?"

"Ndiyo yote, bwana wangu. Na hiyo ni mara mbili."

Akafunga kiganja, akakifungua tena. Miguu ilikuwa inamwuma, na mgongo, na njaa hajaitoa. Akauliza siku zisizo Idi bawabu hupewa kiasi gani, na Waziri akamwambia ni nusu ya hiyo. Sultani akakaa chini. Halafu akacheka, na kicheko kikawa kirefu, kikamtoa machozi, na watu waliokuwapo hawakujua mwisho wake kama kilikuwa bado kicheko.

Kesho yake asubuhi na mapema Mshamu alirudi kazini, akamkuta mtu ameketi juu ya kigoda. Sultani Badrani akamwambia aende nyumbani, jana alifanya kazi tangu alfajiri na hii ni siku yake ya kupumzika. Na tangu leo, akasema, ujira wa kila siku langoni ni huu, akafungua mkono akamwonyesha. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza, kama harusi ni lini, na kama mtu anaweza kuja pasipo zawadi.

Mshamu akamwambia aje tu. Hivyo ndivyo nilivyoisikia, nami sikuizidishia chumvi ila pale ilipodorora.